Kabla hujanunua kiwanja kilichokuwa gereji Lizaboni, pima kwanza kisima

Na Mwandishi Wetu

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa habari za mahindi ya Songea na kahawa ya Mbinga. Safari hii tunaliacha gunia kidogo, tuitazame bidhaa nyingine inayogombewa kimya kimya: kiwanja kando ya barabara. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanayokwenda bandari ya Mtwara, pamoja na yale ya nafaka, yanahitaji mafundi, maegesho na mafuta. Kwa hiyo mtu wa Lizaboni mwenye akiba yake, akisikia kuna kiwanja kilichokuwa gereji, kina uzio na kisima, tena bei ni ya kutupa, hushawishika upesi. Nia yake huenda ni kujenga nyumba ya kulala wageni, au kuuza maji.

Swali ambalo madalali hawaulizi ni hili: yote yaliyomwagika pale kwa miaka kumi au ishirini yamekwenda wapi?

Petroli, dizeli na mafuta ya taa, ambayo ndiyo mafundi wetu wengi hutumia kuoshea vyuma, ni mepesi kuliko maji. Yakizama ardhini huelea juu ya maji ya chini, na harufu yake mara nyingi humshtua mtumiaji mapema. Viyeyushi vyenye klorini ni kesi nyingine kabisa. Trikloroethilini, iliyotumika sana viwandani kuondoa grisi, na tetrakloroethilini ya madobi wa kufua bila maji, ambayo pia imo katika baadhi ya makopo ya kusafishia breki, ni nzito kuliko maji. Lita moja ya trikloroethilini ina uzito wa kilo 1.46. Hushuka, hupenya hata ule mchanga uliojaa maji, ikatulia juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi na kuyeyuka kidogo kidogo kwa miongo mingi.

Marekani imeweka kikomo cha maikrogramu 5 za kemikali hiyo katika lita moja ya maji ya kunywa. Fanya hesabu mwenyewe: lita moja iliyomwagika inatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji yapatayo lita milioni 290. Kemikali yenyewe inatambuliwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Anayedhani biashara ndogo haiwezi kuleta hasara kubwa aitazame kambi ya wanamaji ya Camp Lejeune, North Carolina. Eneo moja la makazi ya kambi hiyo, Tarawa Terrace, lilipata maji ya visima vilivyochafuliwa na dobi mmoja wa kawaida aliyekuwa nje ya uzio. Visima vibaya zaidi vilifungwa kufikia 1985. Agosti 2022 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu watu walioishi kambini humo kati ya 1953 na 1987 kudai fidia mahakamani, na madai yakamiminika.

Je, uchafu wa namna hiyo unasafishika? Ndiyo, kwa gharama. Njia moja ni kuuchoma papo hapo ardhini kwa kemikali badala ya kuyavuta maji juu miaka nenda miaka rudi. Kemikali yenyewe wengi wanaijua: pemanganeti ya potasiamu, zile punje za zambarau za duka la dawa zilizozoeleka kwa kuoshea vidonda. Huyeyushwa katika maji na kusukumwa chini kupitia visima vyembamba. Ikikutana na trikloroethilini huikata molekuli yake, na kinachobaki ni hewa ya kaboni, chumvichumvi ya klorini na vumbi jeusi la manganizi. Watafiti wa Canada waliijaribu sana miaka ya 1990, na mwaka 1999 hadi 2000 ikajaribiwa Cape Canaveral, Florida, mahali ambapo mitambo ya roketi ilikuwa ikisafishwa kwa kiyeyushi hicho.

Sasa hesabu ya mfanyabiashara. Kwa karatasi, kilo moja ya trikloroethilini inataka kilo 2.4 za pemanganeti. Pipa moja la lita 200 likimwagika lote, hiyo ni takribani kilo 700. Lakini ardhi haisomi karatasi. Mboji na madini yaliyomo udongoni hula pemanganeti kabla haijaufikia uchafu, na pengine ndiyo yanayokula sehemu kubwa zaidi. Isitoshe, uchafu uliojificha ndani ya mfinyanzi hurudi majini miezi kadhaa baada ya kazi kutangazwa kuwa imekwisha. Mkandarasi anayetaka alipwe fedha zote siku anapong'oa mabomba yake ni wa kuogopwa.

Wa kuogopwa zaidi ni yule atakayekuuzia punje za zambarau kutibu petroli. Bensini, ile sumu kuu ya petroli, haitikiswi sana na pemanganeti. Huko hutumika haidrojeni peroksaidi pamoja na chuma, au pasalfeti iliyochochewa. Peroksaidi hufanya kazi kwa kasi, lakini hutoa joto na gesi, na kando ya tangi la mafuta hilo si jambo la kumwachia fundi bomba.

Hata kuagiza kemikali si kama kuagiza saruji. Mfanyabiashara wa kemikali za viwandani husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya 2003. Pemanganeti ina mzigo wa ziada: imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa kuwa hutumika kutengenezea kokeini, hivyo hata wadhibiti wa dawa za kulevya wanaihusu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe, na inaruhusu amri ya kurejesha mazingira. Ni sawa, ila mchafuzi aliyeuza na kuhama humpati kirahisi. Vikuge, Kibaha, ni ushahidi: viuatilifu vya msaada toka Ugiriki vilihifadhiwa pale mwaka 1986, ghala likaanguka, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta DDT udongoni miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo kipimo kitangulie malipo. Maji yachotwe chini kabisa ya kisima, chupa ya kioo ijazwe pomoni isibaki hewa, maana viyeyushi hivi huruka, kisha ifungwe, iwekwe kwenye barafu na kupelekwa maabara inayopima kemikali zinazoruka. Kipimo cha vijidudu pekee hakitavionyesha. Muuzaji akikataa kisima kisipimwe, hilo nalo ni jibu, na bei ishuke au uondoke.