Lugha ya Daftari: Elimu ya Biashara Mtaani Baba Dogo

SIFE, shirika lililoasisiwa Marekani mwaka 1975 na kuitwa Enactus tangu 2012, huwawezesha wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Kenya, kujifunza biashara kwa kuwashauri wafanyabiashara wadogo. Baba Dogo, mtaa wa viwanda na vibanda, ungewapa mtihani mgumu. Uhasibu hufundishwa chuoni kwa Kiingereza. Mama mboga huhesabu kwa Kiswahili. Mtaji na faida anavijua fika. Kinachomlemea ni kwamba karo ya mtoto na nyanya za kesho hutoka katika mfuko mmoja. Istilahi za darasani (ambazo hata idara za Kiswahili hazijazivalia njuga ipasavyo) hazimfikii. Mshauri akimuuliza, “Mama, nani hajakulipa?” huenda akafunguliwa daftari la madeni.