Reli ya Kusini (Tanganyika)

Reli ya Kusini ilikuwa njia ya reli katika eneo ambalo leo ni mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania. Ilijengwa wakati wa utawala wa Waingereza ili kusafirisha karanga kutoka mashamba makubwa ya Nachingwea hadi baharini. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1949, na njia yote ilifungwa kati ya miaka 1962 na 1963. Upana wa reli ulikuwa mita 1, sawa na reli nyingine za Afrika Mashariki wakati ule, lakini haikuunganishwa nazo mahali popote.

Asili

Wazo la kuwa na reli kusini lilitangulia karanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walifanya uchunguzi wa njia kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, lakini haikujengwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipendekeza kilimo cha karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Mpango uliofuata ulilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3, na sehemu kubwa ya mashamba ilitarajiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, hasa Nachingwea.

Tatizo lilikuwa usafiri. Kusini hakukuwa na bandari ya kina kirefu wala reli, kwa hiyo kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, karibu na Reli ya Kati, wakati matayarisho ya kusini yakiendelea. Kwa hiyo reli na bandari zilijengwa kwa kutegemea mavuno ambayo bado hayakuwepo.

Njia na stesheni

Sehemu ya kwanza ilianzia Mkwaya, penye gati dogo kwenye ghuba ya Lindi, ikapitia Ruo hadi Nachingwea. Ilifunguliwa mwaka 1949. Gati la Mkwaya halikufaa meli kubwa, hivyo ghuba ya Mtwara ilichaguliwa kwa bandari mpya. Mji wa Mtwara wenyewe ulipangwa na kukua kutokana na mradi huo. Kabla ya hapo kituo kikuu cha biashara katika eneo hilo kilikuwa Mikindani.

Mwaka 1954 bandari ya Mtwara ilikamilika, pamoja na njia ya reli kutoka Mtwara hadi Ruo. Mwaka 1958 liliongezwa tawi la kwenda Masasi. Ruangwa, iliyo kaskazini mwa Nachingwea, haikufikiwa na reli. Mazao yake yalipaswa kusafirishwa kwanza kwa barabara.

Injini za mvuke na njia za matawi

Reli ya Kusini ilijengwa wakati injini za mvuke zilikuwa bado nguzo ya usafiri wa reli. Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki.

Njia za matawi vijijini zilikuwa na mahitaji yake. Kwa kuwa mizigo ilikuwa michache, zilijengwa kwa vyuma vyepesi ili kupunguza gharama. Injini nzito ingeviharibu vyuma hivyo. Ilibidi uzito wa injini ugawanywe juu ya magurudumu mengi, ili kila ekseli ibebe sehemu ndogo tu. Aidha injini ya mvuke inatumia maji mengi, hivyo matangi yalihitajika njiani, pamoja na akiba ya mafuta mazito au kuni.

Jibu la mwisho kwa mahitaji hayo lilikuwa injini za kundi la 31. Zilikuwa 46, zikatengenezwa na kiwanda cha Vulcan Foundry nchini Uingereza na kuanza kazi miaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na magurudumu 2 madogo mbele, 8 makubwa ya kuvuta na 4 madogo nyuma. Zilifanana na injini za makundi ya 29 na 30 lakini zilikuwa nyepesi zaidi. Makundi hayo matatu yalipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Zilikuwa kati ya injini za mvuke za mwisho kununuliwa na shirika hilo. Mwaka 1960 injini kubwa za dizeli zilianza kuwasili. Baadhi ya injini za mvuke za wakati ule zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi.

Injini na mabehewa ya Reli ya Kusini yalikuwa na ugumu wa pekee. Kwa sababu njia haikuungana na nyingine, injini iliyohitaji matengenezo makubwa katika karakana za Dar es Salaam au Nairobi ilipaswa kusafirishwa kwa meli.

Kufungwa

Mradi wa karanga ulisimamishwa Januari 1951. Ukame, ardhi ngumu, msitu mzito na matrekta yaliyoharibika haraka viliufanya ushindwe, na Uingereza ilipoteza takriban pauni milioni 36. Hivyo bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, shehena iliyokusudiwa haikuwepo tena.

Reli ilibaki na mazao kama korosho na mkonge. Korosho huvunwa kwa msimu, na kwa umbali mfupi wa kusini malori yaliweza kuchukua mzigo shambani na kuufikisha bandarini bila kuuhamisha njiani. Njia iliendeshwa kwa hasara. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 ilifungwa, na vyuma viling'olewa.

Mwaka 1963 Reli ya Kati iliunganishwa na Reli ya Tanga kati ya Ruvu na Mnyusi. Njia hizo zilisaidiana kwa shehena, injini na karakana. Reli ya Kusini haikuwa na msaada huo: ilitegemea zao moja, na zao hilo liliposhindwa haikuwa na mahali pengine pa kupata mzigo.

Urithi

Bandari ya Mtwara ingali inafanya kazi, na ni mlango mkuu wa korosho za kusini. Kwa miaka mingi baada ya reli kuondolewa, mvua za masika zilikata mawasiliano ya barabara na Dar es Salaam, hadi Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na barabara kuwekwa lami.

Serikali ya Tanzania ina mpango wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Nachingwea kumegunduliwa nikeli, na Ruangwa kuna madini ya kinywe. Kwa hiyo swali la mwaka 1947 limerudi: ni mzigo gani utakaoifanya reli ya kusini idumu?