Ziwa la Derwentwater na Mahali pa Kulitazamia

Mwalimu atakayesoma habari hii pamoja na watoto wake na atwae ramani ya Uingereza, atafute pembe ya kaskazini magharibi, karibu na mpaka wa Scotland. Hapo ataona maziwa membamba yaliyolala mabondeni katikati ya milima. Wenyeji huiita nchi hiyo Lake District, maana yake Nchi ya Maziwa. Milima yake si mirefu kwa macho ya mtu aliyepata kuuona Kilimanjaro, kwa kuwa Scafell Pike, ulio mrefu kuliko yote ya Uingereza ukiacha Scotland na Wales, una mita 978 tu. Walakini kila mwaka watu huijia nchi hiyo kwa mamilioni, wengi wao wakitoka katika miji ya viwanda na moshi wa magari, nao hawana haja nyingine ila kupanda mahali palipoinuka na kutazama.

Twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu sehemu moja tu ya nchi hiyo, ndiyo kando kando ya mji mdogo wa Keswick na ziwa lake, Derwentwater. Ziwa hili lina urefu wa maili tatu, na upana wake ni kama maili moja, na ndani yake mna visiwa vyenye miti. Zamani sana bonde lote lilijaa barafu nene, iliyoshuka polepole kama mto mzito, ikayakwaruza majabali na kuchimba shimo ambalo leo limejaa maji. Mtu akitoka mahali pa mashua na kwenda kwa miguu muda wa dakika kumi kando ya maji, afika kwenye mwamba mdogo uliotokeza ziwani kama pua, wenye misonobari juu yake. Jina lake Friar's Crag, yaani Mwamba wa Watawa. Si mahali pa juu. Hata mzee mwenye mkongojo aweza kufika. Lakini kwa ghafula ziwa lote li mbele ya macho: mkono wa kuume mlima wa Catbells, uliochongoka kama nundu mbili, mkono wa kushoto magenge yenye msitu, na mbele kabisa, upande wa kusini, milima yasongamana hata yakaribia kufunga mlango wa bonde la Borrowdale.

Jina la mwamba huo lina asili yake. Husemwa ya kuwa watawa walikuwa wakipanda mashua hapo ili kwenda kisiwani kwa Mtakatifu Herbert, aliyekaa peke yake katika kisiwa cha ziwa hilo katika karne ya saba. Huyo alikuwa rafiki wa Askofu Cuthbert, na kila mwaka walikutana mara moja kuzungumza mambo ya roho. Beda, mwandishi wa habari za kanisa la kale la Waingereza, asimulia ya kuwa walimwomba Mungu wasiachane hata katika kufa, wakafa siku moja mwaka wa 687. Na juu ya mwamba huo huo limesimamishwa jiwe la kumkumbuka John Ruskin, mwandishi aliyekufa mwaka wa 1900. Yeye aliandika ya kwamba jambo la kwanza alilolikumbuka maishani mwake ni kuchukuliwa na yaya wake hata ukingo wa Friar's Crag, akachungulia maji meusi kati ya mizizi ya miti.

Hapo kale Waingereza wenyewe hawakuipenda milima hii. Waliihesabu kuwa nyika ya kutisha, isiyofaa kulimwa. Ni katika karne ya kumi na nane tu ndipo wenye nafasi walipoanza kusafiri ili kuona, nao wakajiwekea kanuni za kutazama kana kwamba ni kazi ya ufundi. Padre mmoja, Thomas West, alitoa kitabu cha kuwaongoza wageni mwaka wa 1778, akawaagizia mahali hasa pa kusimama, kituo kwa kituo. Wengi walichukua mkononi kioo kidogo cheusi chenye kubinuka kidogo. Mgeni alilipa ziwa kisogo, akaitazama sura yake kiooni, kwa sababu ndani ya kioo nchi ilionekana ndogo na yenye rangi tulivu, kama picha iliyochorwa. Mwaka wa 1769 mshairi Thomas Gray alikuwa akienda na kioo chake karibu na Keswick, akaanguka chali katika njia ya matope. Kioo kilisalimika, lakini vifundo vya vidole vyake vilichubuka. Naye hakurudi nyumbani, alingoja jua litue. Na kando ya Windermere, ziwa kubwa kuliko yote, ilijengwa nyumba ya kutazamia iliyotiwa vioo vya rangi: cha manjano ili nchi ionekane kama wakati wa joto, cha buluu ili ionekane kama usiku wa mbalamwezi. Sisi twaona ya kuwa mtu aliyesafiri siku nyingi juu ya farasi ili ayaone maji, kisha akayapa kisogo, amejisumbua bure. Lakini tusiwacheke mno, maana hata leo wako wengi wasioiona milima ila katika simu walizozishika mkononi.

Methali yetu yasema, macho hayana pazia. Huko Keswick palikuwa na watu waliotaka kulitia pazia. Kaskazini ya mji kuna kilima cha Latrigg, chenye mita 368, kilicho miguuni pa mlima mkubwa wa Skiddaw. Kwa kupanda saa moja tu mtu aweza kuona mji, ziwa, visiwa na bonde lote kama vitu vilivyopangwa mezani. Wenyeji walikuwa wamekipanda tangu zamani za babu zao. Lakini katika miaka ya 1880 wenye mashamba walianza kuzifunga njia kwa malango na vizuizi, wakisema kilima ni mali yao na wapitao ni wavamizi. Watu wa mji wakafanya chama cha kuzilinda njia za miguu, na rais wake alikuwa kasisi wa mtaa wa Crosthwaite, jina lake Hardwicke Rawnsley.

Tarehe 1 Oktoba 1887 watu wapatao 2,000 walikusanyika, wanaume kwa wanawake, wakaviondoa vizuizi na kupanda hata kileleni mchana kweupe. Hakuna aliyeumizwa. Mmoja wa viongozi wa safari hiyo alikuwa Bwana Jenkinson, aliyeandika vitabu vya kuwaongoza wageni, na pamoja nao alikuwako Samuel Plimsoll, yule aliyewapigania mabaharia hata merikebu zikawekewa alama ya kuonyesha mwisho wa kupakiwa. Mwenye kilima akawashtaki. Shauri likafika mahakamani Carlisle mwaka wa 1888, likaisha kwa mapatano: njia moja ilifungwa, lakini njia nyingine ya kupandia kileleni ikathibitishwa kuwa ya watu wote. Hata leo ndiyo njia wapitayo.

Yafaa tumweleze zaidi kasisi huyo, kwa kuwa pasipo yeye habari hii ingekuwa nyingine. Alikuja Crosthwaite mwaka wa 1883, na mwaka huo huo wenye machimbo ya mawe ya kuezekea walitaka kujenga reli kupitia kando ya ziwa ili kuchukua mawe yao. Rawnsley aliandika barua magazetini na kukusanya fedha kwa kuwapinga, hata wakaiacha nia yao. Alikuwa mtu wa hasira za haraka na maneno mengi, nao waliomchukia walikuwa wengi. Tena si kila vita vilishindwa. Mji wa Manchester ulipata idhini ya kulifanya ziwa jirani, Thirlmere, kuwa bwawa, na tangu mwaka wa 1894 maji yake yamekuwa yakienda mjini kwa mfereji wa maili 96. Mashamba na nyumba zikafunikwa na maji. Watu wa Manchester walikuwa na kiu, na maradhi ya maji machafu yaliua watoto wengi katika miji ya wakati ule. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba haki yote ilikuwa upande mmoja.

Rawnsley alitambua ya kuwa kupinga kila neno linapotokea ni kazi isiyokwisha. Njia iliyo imara ni kuinunua nchi yenyewe. Akashirikiana na Bibi Octavia Hill, aliyewatengenezea maskini wa London nyumba njema, na mwanasheria Robert Hunter, wakaunda National Trust, yaani Amana ya Taifa, tarehe 12 Januari 1895. Mwaka wa 1902 msitu na malisho ya Brandelhow, chini ya Catbells, eka 108, viliwekwa sokoni. Ilikuwa hatari wanunuzi wajenge nyumba zao ukingoni na kuweka ua hata majini. Chama kikawaita watu wachange paundi 6,500. Hawakutoa matajiri peke yao. Wafanyakazi wa viwanda nao walileta shilingi zao, na miongoni mwao walikuwamo waliojua ya kuwa hawatapata nauli ya kwenda kuliona ziwa wanalolinunua. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Binti Mfalme Louise, binti wa Malkia Victoria, alikuja kupafungua, ikapandwa miti ya ukumbusho. Sheria ya mwaka wa 1907 ikakipa chama uwezo wa kuitangaza nchi yake kuwa haiuzwi kamwe. Rawnsley alipokufa mwaka wa 1920, rafiki zake hawakumjengea sanamu. Waliupata mwamba wa Friar's Crag na kuutia katika amana kwa ukumbusho wake.

Hatuwezi kutaja kila mahali. Mashariki ya Keswick uko uwanja wa Castlerigg, wenye mawe kama 40 yaliyosimamishwa kwa duara yapata miaka 5,000 iliyopita, na milima imeuzunguka pande zote kama kuta. Juu ya daraja la Ashness, mti mmoja mmoja hupungua njiani, na mara mtembezi yuko ukingoni pa genge na ziwa li chini ya miguu yake. Ndiyo maana Waingereza wamepaita Surprise View, mahali pa mshangao. Wenye watoto wadogo na wawashike mkono hapo.

Vilele vya juu vina habari ya namna nyingine. Vita Vikuu vya mwaka wa 1914 vilipokwisha, Bwana Leconfield alikitoa kilele cha Scafell Pike mwaka wa 1919 kwa kuwakumbuka wanaume wa nchi hiyo waliouawa. Chama cha wapanda milima nacho kilikuwa kimefiwa na wenzao 20. Kikanunua vilele vya kuzunguka mlima wa Great Gable, wenye mita 899, kikavitia katika amana mwaka wa 1923, na mwaka wa 1924 mamia ya watu walipanda katika mvua na ukungu, likawekwa bamba la shaba lenye majina. Mwaka wa 2013 bamba lilibadilishwa kwa kuwa majina mengine yalikuwa yameandikwa kwa makosa. Kila mwezi wa Novemba, Jumapili ya ukumbusho, watu hupanda tena na kusimama kimya dakika mbili, hata kama upepo ni mkali na hakuna kinachoonekana.

Nchi hii ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1951, na sheria ya mwaka wa 2000 imewapa watu wote ruhusa ya kutembea kwa miguu katika milima iliyo wazi. Basi shida ya leo si malango. Ni miguu. Mamilioni ya viatu hung'oa majani, kisha mvua hufuata alama zao na kuchimba makorongo. Na mvua ya huko si ya mchezo: tarehe 5 Desemba 2015, katika njia ya mlimani ya Honister, ilipimwa milimita 341 kwa muda wa saa 24, na Keswick ukafurika. Mwenyeji naye ana malalamiko mengine, kwamba wageni waipendao nchi wamenunua nyumba za kukaa likizo tu, hata bei zikawashinda vijana waliozaliwa humo.

Mafundi wa njia hupanda mlimani wakati wa kiangazi, wakapanga mawe makubwa moja moja, sehemu kubwa yakiwa yamefukiwa ardhini, kama walivyofanya watu wa zamani. Mahali palipo mbali na mawe, helikopta huyachukua katika mifuko. Na penye matope laini yasiyochukua uzito, mafundi hutandika kwanza sufu ya kondoo wa Herdwick, kondoo wa kijivu wa milima hiyo hiyo, ambao sufu yao ni ngumu na bei yake ni ndogo sana. Juu ya sufu humwaga changarawe, na njia hukaa juu yake pasipo kuzama.