Je, Wajua Kiini cha Risasi Kina Maumbo Matatu?

Risasi tuijuayo, ile ya betri za magari na chubwi za wavuvi, imesifika kwa uzito na utulivu, na hakika isotopu zake za 206, 207 na 208 ndizo kituo ambapo urani na thori hukomea baada ya kuoza kwa dahari nyingi. Lakini ina jamaa waliopungukiwa na nyutroni, wasiopatikana machimboni wala baharini, na aliye wa ajabu kupita wote, kwa maoni yangu, ni risasi 186, mwenye protoni 82 kama risasi zote na nyutroni 104 tu, ambaye nusu ya umati wake hutoweka kila sekunde 5 hivi.

Kiumbe wa umri huo hapimwi kwa mizani. Katika maabara ya GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, wataalamu waliivurumisha kromi 52 juu ya neodimi 142, na mara chache sana viini viwili hivyo vikaungana, vikatupa nyutroni 4 na kuwa poloni 190. Kisha chombo kiitwacho SHIP, kwa nguvu za umeme na sumaku, kikaitenga poloni hiyo na wingi wa kromi iliyopita bure, kikaipeleka ikajizike ndani ya kibati cha silikoni. Hapo ndipo subira inapotawala: kibati hunakili mahali na wakati kiini kilipoingia, nacho hungoja, na baada ya milisekunde chache, pale pale, poloni hutoa chembe ya alfa na kuzaa risasi 186. Muda uliopita baina ya matukio hayo mawili, ukikusanywa kwa viini vingi, ndio utoao kipimo cha uhai wa poloni. Na risasi nayo, inapotoa alfa yake mahali pale pale, hupimwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Baadhi ya alfa za poloni zilikuja na nishati pungufu, zikifuatana na elektroni, kwa kuwa nishati iliyosalia ilibaki ndani ya risasi iliyozaliwa. Kiini kisichozunguka, kikishuka kwenye hali nyingine isiyozunguka, hakiwezi kutoa mwali mmoja wa gama, basi humkabidhi elektroni wake nishati hiyo, na elektroni huyo huwa shahidi. Kwa ushahidi huo mwanafizikia Andrei Andreyev na wenzake walitangaza mwaka 2000 kwamba risasi 186 ina hali tatu za namna hiyo: ya mviringo, ya bapa kama chungwa lililobanwa viganjani, na ya mrefuko, zote ndani ya elektronivolti 650,000, kiasi kisichofika sehemu 1 kwa 2,000 ya nishati inayokishikamanisha kiini hicho.

Sababu ni mvutano. Protoni 82 hujaza tabaka lao barabara na kushikilia mviringo. Lakini nyutroni 104 zimesimama katikati kabisa ya 82 na 126, hesabu mbili za tabaka zilizotimia, na hapo ndipo ushawishi wao juu ya protoni unapokuwa mkubwa, hata jozi za protoni zikipanda tabaka la juu umbo hubadilika kwa gharama ndogo. Hata hivyo mviringo ulishinda: vipimo vya leza vilivyofanywa ISOLDE, katika kituo cha CERN karibu na Geneva, vilionyesha kwamba risasi katika hali yake ya chini hubaki takriban mviringo hadi isotopu ya 182, ilhali zebaki, jirani yake aliyepungukiwa na protoni 2, huyumba, karibu na nyutroni hizo 104, baina ya umbo na umbo kila nyutroni 1 inapoondoka.