Dhahabu Inang'aa, Pamba Inaajiri

Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku. Wengi walishangilia kwamba sasa tumeacha kuuza malighafi. Furaha hiyo ilikuwa na msingi, hasa baada ya sakata la makinikia la mwaka 2017, makontena ya mchanga wa madini yalipozuiwa na nchi nzima ikabaki inabishana juu ya kilichomo ndani yake. Lakini hesabu ina ukaidi wake. Dhahabu inayotoka Geita hutoka ikiwa imekwisha kuyeyushwa kuwa matofali. Karibu thamani yake yote imo tayari, na kuisafisha hadi ifikie kiwango cha benki huongeza sehemu ndogo sana ya bei. Faida ya kiwanda iko kwingine: mzigo unapimwa hapa nchini, mrabaha uliopandishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6 unatozwa kwa uzito unaoonekana, na Benki Kuu inapata dhahabu ya kuweka akiba. Hayo ni mapato na usimamizi mzuri. Kijana wa Nyamagana anayetafuta kazi hayamfikii moja kwa moja.

Samaki walitupeleka mbele zaidi. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita na kuwamaliza furu wengi, alileta viwanda vya minofu Mwanza, na humo thamani iliongezwa kweli: kukata, kugandisha, kufungasha. Hata masalia yalipata wateja. Mapanki yakakaangwa na kuliwa mitaani, mabondo yakapelekwa China kwa bei ya kutamanisha. Ila kiwanda kinachotegemea samaki mmoja na soko moja huishi kwa hisani ya vyote viwili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, nchi zote tatu za ziwa zilibaki na mzigo usio na pa kwenda. Baadaye samaki wenyewe wakapungua, nyavu haramu zikiwa miongoni mwa sababu, na baadhi ya viwanda vikafungwa. Dagaa, ambaye hakuna aliyemjengea jumba la barafu, anaendelea kutoka soko la Kirumba kwenda Kongo akiwa amekaushwa kwa jua tu.

Kwa hiyo kipimo changu cha utajiri wa Kanda ya Ziwa ni pamba. Katika kila kilo tatu za pamba mbegu, takriban moja huwa nyuzi na mbili huwa mbegu. Nyuzi hutoa uzi na kitambaa. Mbegu hutoa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha ng'ombe, ambao Usukumani si haba. Zao hilo moja hulisha viwanda kadhaa, na kabla ya kufika huko limekwisha kupita mikononi mwa maelfu ya kaya za Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Wakulima waliliona hilo mapema. Mwaka 1955 waliunda shirikisho la vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani, likaja kumiliki vinu vyake lenyewe vya kuchambua pamba, na miaka ya 1960 Mwanza ikapata kiwanda cha nguo cha MWATEX. Leo sehemu kubwa ya nyuzi husafiri nje ikiwa marobota, kisha tunanunua kitambaa.

Atakayepinga atauliza: MWATEX si ilijaribiwa ikafa? Ilikufa, ndiyo. Mitambo ilichakaa, fedha za kigeni za vipuri zikakosekana, na soko lilipofunguliwa mitumba ikafurika. Mengi ya hayo yanarekebishika, na mazingira ya viwanda yameanza kuboreshwa: Bwawa la Julius Nyerere limeongeza umeme, na tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Lisilorekebishika haraka ni bei ya kitambaa cha Asia, kinachofumwa katika viwanda vikubwa mno. Hilo ni pingamizi la haki, na ndiyo maana si lazima tuanze na kitambaa. Tuanze na mbegu. Mafuta ya kupikia bado tunayaagiza kutoka nje, na mashudu yana mnunuzi jirani na kinu.

Kati ya kuuza malighafi na kuiongezea thamani, Afrika Kaskazini inatupa mifano ya pande zote mbili. Algeria kwa miaka mingi imetegemea mafuta na gesi kwa zaidi ya tisa ya kumi ya mauzo yake ya nje, na bei inapoporomoka bajeti hutikisika. Moroko iliyo jirani ina fosfeti. Shirika lake la OCP, lililoanzishwa mwaka 1920, lilianza kwa kuuza mawe, kisha likajenga viwanda vya asidi na mbolea huko Jorf Lasfar, na sasa mbolea hiyo inauzwa hadi mashamba ya Afrika. Moroko haikungoja kupata madini ghali zaidi. Iliongeza kazi juu ya jiwe lile lile. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, pamba hupandwa kila mwaka. Serikali na halmashauri za kanda hii zitenge sehemu ya mrabaha wa dhahabu kwa mbegu bora na mitambo ya kukamua mafuta, na Simiyu iwe ya kwanza.