Kubaki au Kukimbia: Kitabu na Filamu vya Kipupwe

Baridi ya Julai hapa Nyanda za Juu Kusini hututoa uwanjani mapema. Baada ya Masifu ya Jioni tunajifunika blanketi na kusoma. Juzi tulimaliza Kriton ya Plato: Sokrate anakataa kutoroka gerezani, asije akazivunja sheria za mji wake. Jumamosi tukaangalia Of Gods and Men, filamu ya mwaka 2010 kuhusu Watrapisti wa Tibhirine, Algeria. Saba kati yao walitekwa Machi 1996, wakauawa; mwaka 2018 walitangazwa wenyeheri. Nao walikataa kuondoka, ila kwa ajili ya majirani zao Waislamu. Hoja hiyo imetugusa kuliko ya Sokrate. Wenzetu wawili wanapinga: Yesu mwenyewe aliwaambia mitume wakimbilie mji mwingine (Mt 10:23). Taa zilizimwa hatujawajibu.