Kibano si Dawa ya Vikope: Mzazi Asiogope Upasuaji wa Ukope

Wengi wetu tuishio mijini tumewahi kumpokea mzazi kutoka kijijini, tukamwona akitafuta pembe yenye kivuli, machozi yakimtiririka, na katika fundo la khanga yake amehifadhi kibano kidogo cha kung'olea nywele za kope. Tukimwuliza, hujibu kwamba macho yanamchoma kidogo tu, naye amekwisha kuzoea. Mazoea hayo, ndugu msomaji, ndiyo njia ya kuendea upofu.

Maradhi hayo ni trakoma, ambayo wananchi wengi huyaita vikope. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi watuao kwenye nyuso za watoto zenye matongotongo. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukope wa juu hupata makovu upande wa ndani. Miaka ipitapo makovu hayo hujikunja, ukope hupinda kuelekea ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Akina mama ndio waumiao zaidi, kwa kuwa wao ndio waleao watoto. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imejulikana kwa utafiti wa maradhi haya tangu miaka ya 1980.

Kibano huleta nafuu ya majuma machache, kisha nywele huota tena na kuendelea kuchoma. Tiba inayonyoosha ukope wenyewe ni upasuaji, na wazee wengi huukimbia kwa kudhani kwamba jicho hutolewa nje. Sivyo hata kidogo.

HUFANYWA NAMNA GANI?

Jicho lenyewe haliguswi na kisu. Mgonjwa hulala chali, uso husafishwa kwa dawa, na ukope huchomwa sindano ya ganzi. Sindano hiyo huuma, lakini baada ya dakika chache ukope hufa ganzi. Mpasuaji hukata ukope milimita chache juu ya ukingo wake, huugeuza ukingo huo kuelekea nje, kisha huushona. Mgonjwa yu macho muda wote na aweza kuzungumza. Kazi huchukua kiasi cha nusu saa kwa ukope mmoja, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

BAADA YA KISU

Bandeji hufunguliwa kesho yake. Familia isishtuke kuona ukope umevimba na kuvilia damu. Hali hiyo hupungua siku hadi siku. Mgonjwa hupewa dawa za kuzuia maambukizo, na kama nyuzi si za kuyeyuka zenyewe, huondolewa baada ya siku 8 hadi 14. Kovu hubaki, lakini hujificha katika mkunjo wa ukope.

Katika siku hizo mzazi asifikiche jicho, asipulize moto wa kuni, wala asitiwe dawa za kienyeji. Hapa ndipo watoto wake tunapopimwa. Mama akirejea jikoni siku ya pili kwa sababu hakuna wa kumpikia, moshi na vumbi vyaweza kuiharibu kazi ya mganga. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka, au macho yakishindwa kufumba vizuri, arudishwe hospitali bila kuchelewa.

Ni haki pia kusema ukweli wote. Kwa baadhi ya wagonjwa nywele hurudi ndani, na kwa hiyo ni lazima kurudi kupimwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Tena upasuaji huu hauondoi ukungu uliokwisha kuota kwenye kioo cha jicho. Huzuia tu usiongezeke. Kila mwaka wa kungoja ni sehemu ya nuru inayopotea isirudi tena.

Basi, tuendapo likizo, pamoja na sukari na vitenge tupeleke na jambo hili: tumshike mzazi mkono hadi kwa mganga wa macho. Nao wajukuu waoshwe nyuso kila siku, ili wasije wakakirithi kibano cha bibi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kioo cha jicho kikishaharibika, kukijenga upya ni kazi ngumu mno.